Naturopathi ni nini hasa? Nimpeleke mama au nisimpeleke? (Mtwara)

BintiMahuta
Ijumaa, saa 2:40 usiku

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, niko Mtwara mjini upande wa Chikongola. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Mahuta, Tandahimba, na mikorosho yake ndiyo iliyonisomesha. Sukari anayo mwaka wa saba huu, presha ilimkuta miaka mitatu iliyopita. Anameza metformini ya sukari asubuhi na jioni, na amlodipini ya presha kidonge kimoja kwa siku.

Msimu ulipoisha alikuja kwangu kupumzika. Amekonda, na vidonge vimemchosha kabisa. Ananiambia, "Mwanangu, dawa hizi zinanichoma tumbo, mie basi." Jirani akatuelekeza kwa mtu aliyefungua chumba cha matibabu hapa mjini, kibao chake kimeandikwa naturopathi. Tukaenda. Mama akapewa chuma akishike mkononi, kina waya umeingia kwenye kompyuta. Hazikufika dakika mbili, zikatoka karatasi kumi na nne za majibu: ini limechoka, figo zina sumu, kongosho imebaki asilimia kadhaa, mifupa haina madini. Kipimo kile shilingi 10,000. Dawa za miezi mitatu 280,000. Halafu akasema neno ambalo ndilo lililonileta hapa: siku mama akianza dawa zake, vidonge vya hospitali viwekwe pembeni kwa sababu "vinagombana".

Mama amefurahi, sijamwona hivyo muda mrefu. Hela ipo, malipo ya korosho yaliingia. Lakini mimi moyo unasita. Naombeni mnieleze kama mnavyomweleza ndugu yenu: hii naturopathi ni kitu gani? Ndiyo miti shamba ya wazee wetu au ni jambo lingine? Wana shule? Mgonjwa akifika wanamfanya nini? Sijalipa. Nimesema nitarudi Jumatatu.

---

MwanaMsimbati
Ijumaa, saa 3:15 usiku

Dada pole na kuuguza. Mimi shangazi yangu alienda kwa mmoja wao akapewa unga wa majani na mpangilio wa chakula, tumbo lililomsumbua miaka likatulia. Kwa hiyo siwezi kusema ni waongo wote. Hospitali unaingia, hata hujakaa vizuri, umeshaandikiwa dawa na kuitwa anayefuata. Hawa angalau wanakusikiliza. Mimi ningempeleka.

---

TabibuNgapa
Ijumaa, saa 5:50 usiku

Dada BintiMahuta, nifikishie shikamoo kwa mama. Neno la kwanza, kabla hujasoma mengine: asiache vidonge vyake. Si Jumatatu, si siku nyingine, mpaka daktari aliyemwandikia aseme. Baada ya hapo tuzungumze.

Kazi unayoiuliza ndiyo kazi yangu. Niko Lindi, Ng'apa. Nilisoma India ya kusini, jimbo la Karnataka, miaka mitano na nusu, minne na nusu ya masomo na mmoja wa kufanya kazi na wagonjwa chini ya usimamizi. Tulisoma mwili na magonjwa kama wanavyosoma wanafunzi wa udaktari, kisha tukaongezewa ya kwetu: maji, udongo, kukanda, yoga, kufunga, chakula. Kwa hiyo shule ipo. Lakini kibao hakina shule. Mtu yeyote anaweza kuandika naturopathi mlangoni, na jina hilo linaniuma ninapoliona limetundikwa juu ya biashara ya chuma na karatasi kumi na nne.

Umeuliza kama ni miti shamba ya wazee wetu. Hapana, ingawa tunapakana. Mganga wa kwetu amerithi miti kwa babu yake na anajua mti gani uko kichaka gani. Naturopathi imeanzia Ujerumani. Alikuwapo padri mmoja, Sebastian Kneipp, wa kijiji cha Wörishofen huko Bavaria (Bavaria hiyo hiyo ndiko walikotoka mapadri Wabenediktini waliojenga misheni ya Ndanda). Akiwa bado mwanafunzi aliugua kifua. Mwaka 1849, wakati wa baridi kali, akaanza kujitumbukiza kwenye Mto Danube kwa muda mfupi sana, kisha anakimbia kurudi nyumbani apate joto. Akapona, na maisha yake yote yaliyobaki akatibu watu kwa maji, chakula chepesi, mimea, kutembea na mpangilio wa maisha. Mmoja wa waliotibiwa kwake ni Benedict Lust, Mjerumani aliyehamia Marekani. Huyo alirudi New York mwaka 1896 kueneza mambo hayo. Jina lenyewe, naturopathi, lilibuniwa na John Scheel mwaka 1895, na Lust akalinunua kwake. Huko India tiba hii ilipendwa sana na Gandhi, ambaye mwaka 1946 alianzisha kituo chake Uruli Kanchan, karibu na Pune.

Nimekupitisha huko uone kwamba chimbuko lake ni maji, jua, chakula, usingizi na miguu ya kutembea. Tunaamini mwili una nguvu ya kujitengeneza, na tabibu anatafuta kinachouzuia. Tunaamini usimdhuru mgonjwa. Na tunaamini tabibu ni mwalimu, hili ndilo nililolishika kuliko yote. Mgonjwa akitoka kwangu hajajifunza kitu cha kufanya jikoni kwake, nimemla hela.

Sasa mgonjwa akifika. Mara ya kwanza huwa nakaa naye saa nzima, mara nyingi saa moja na nusu. Nimemwambia kwenye simu aje na mfuko wenye kila anachomeza: vidonge vya hospitali, unga wa mlonge, chupa ya mwarobaini, na ile dawa aliyoletewa na wifi kutoka Dar. Navimwaga vyote mezani. Nauliza anameza kipi saa ngapi, na kabla au baada ya kula. Nauliza analala saa ngapi, anaamka mara ngapi kukojoa, choo kikoje, nani anapika nyumbani, nani amefariki karibuni. Napima presha mikono yote miwili. Sukari napima kwa tone la damu, si kwa chuma. Kisha anieleze chakula cha jana tangu alipofungua macho, wala si chakula cha "kawaida", maana cha kawaida kila mtu anakisema kizuri.

Nikupe mfano mmoja. Alikuja mzee mvuvi kutoka upande wa Mchinga, presha yake 170 kwa 100, na kidonge anameza bila kukosa. Nikamuuliza chumvi. "Kidogo tu, mwanangu." Nikampa kopo la chumvi, nikamwambia, mzee, nioneshe hicho kidogo unachoweka kwenye mchuzi, mimina kiganjani. Akamimina. Nikaichukua ile chumvi na kijiko cha chai, nikaisawazisha kwa kidole. Vijiko vitatu, kwa sufuria ya watu wawili, mlo mmoja. Na samaki mwenyewe ni ng'onda, ameshalala kwenye chumvi siku nzima kabla ya kuanikwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyote, mchana na usiku. Mzee akakitazama kile kijiko muda mrefu, akasema, "Kumbe nakula bahari."

Sikumpa mti wowote. Mkewe nilimwita siku ya pili, maana ndiye mwenye sufuria. Ng'onda wakawa wanalowekwa usiku na maji yanamwagwa, mchuzi ukaungwa kwa ndimu, tangawizi na ukwaju, na mzee akawa anatembea ufukweni kila asubuhi kabla jua halijapanda. Kidonge aliendelea nacho. Baada ya miezi miwili na nusu presha ikawa 140 na kitu, na daktari wa zahanati akaamua kutoongeza dawa ya pili aliyokuwa amepanga. Matibabu yenyewe ndiyo hayo. Hayapendezi kwenye kibao.

Maji tunayatumia pia. Kukanda kwa kitambaa cha maji baridi, kuloweka miguu, kubadilisha moto na baridi. Udongo safi unaochimbwa chini, si wa juu, unachekechwa, unalowekwa, unawekwa tumboni kwenye kitambaa dakika ishirini au thelathini, na mtu anapata kutulia. Lakini hapa nataka nikuambie kosa langu mwenyewe, kwa sababu mama ana sukari.

Mwaka wangu wa kwanza niliporudi nyumbani, alikuja mama mmoja analalamika miguu kuwaka moto usiku. Nikampa beseni la maji ya moto ya kulowekea miguu. Nilimuuliza, "Yanakuunguza?" Akajibu, "Hapana baba, mazuri tu, hata siyasikii." Neno lile "siyasikii" lilipita masikioni mwangu nikaliacha lipite. Kesho yake akarudi na lengelenge kwenye kisigino, kubwa kama sarafu. Alikuwa na sukari iliyokwishaua hisia za nyayo, na mimi sikumpima. Alisafishwa kidonda hospitali wiki tatu, nami nilikwenda naye kila mara. Kikapona, Mungu alitusitiri sote. Tangu siku ile, mwenye sukari haingizi mguu kwenye beseni langu kabla sijapitisha uzi mgumu wa nailoni, kama mshipi wa kuvulia, kwenye nyayo zake huku amefumba macho, aniambie anahisi wapi na wapi hahisi. Na maji ya moto simpi.

Kuhusu kile chuma. Mashine ile naifahamu, inauzwa sana. Hakuna uthibitisho wowote kwamba mtu akishika chuma inaweza kujua hali ya ini wala figo. Figo zinapimwa kwa damu na mkojo. Katika fani yetu wapo pia wanaosoma magonjwa kwa kutazama mboni ya jicho, na wapo wanaotoa homeopathi, dawa iliyozimuliwa mpaka mara nyingi hakuna kinachobaki ndani. Hayo tulifundishwa au tulioneshwa, na utafiti haukuyaunga mkono, kwa hiyo mimi siyafanyi. Wenzangu wengine tutagombana hapa, na iwe hivyo.

Na lile la "vinagombana". Ni kweli dawa za mimea na vidonge hugongana. Mlonge unaweza kushusha sukari, ukiongeza juu ya dawa ya hospitali mtu anaweza kushuka kupita kiasi akatetemeka na kuanguka. Kitunguu saumu kingi kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kinaweza kumtoa damu. Ila ukiona vimegombana, unaondoa mti. Kidonge cha presha hakiondolewi kwa neno la mtu ambaye hata presha hajaipima. Alimpima mama presha?

La mwisho, sheria. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake. Mtoa tiba anatakiwa asajiliwe, na dawa yake nayo isajiliwe. Kila halmashauri ina mratibu wa tiba asili. Nenda pale manispaa, muulize kama mtu huyo yumo kwenye daftari. Huna haja ya kugombana na mtu, ni kuuliza tu.

---

SistaWodi3
Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku huku Masasi, nimesoma kabla ya kulala. Mimi ni muuguzi. Tabibu, ahsante kwa kusema la beseni, wengi wasingelisema.

Dada, mimi nawaona wakifika. Mwaka jana tulimpokea baba wa miaka hamsini aliyeacha vidonge vya presha wiki sita kwa sababu alipewa "dawa ya kusafisha mwili". Aliletwa kwa bodaboda, katikati ya watu wawili, upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Yupo hai. Mkewe anamlisha. Kwa wanaochoma insulini ni haraka zaidi, akiacha ni siku chache tu anaanza kutapika na kuhema.

MwanaMsimbati amesema kweli kuhusu kusikilizwa. Mimi peke yangu zamu moja naweza kuwa na wagonjwa thelathini. Najua kuna mambo siwaulizi. Lakini lile tumbo la mama, kuchomwa na metformini, ni jambo tunalolijua, lina njia. Mrudisheni kliniki yake ya sukari aseme wazi, asiogope kwamba atafokewa. Akifokewa, muombe muuguzi mwingine.

---

BintiMahuta
Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima cherehani. Presha hakupimwa, Tabibu. Alishikishwa chuma tu.

Nimekaa na mama nikamuuliza maswali yako kama ulivyoyaandika. Nikamwambia anieleze siku moja ya msimu, tangu alipoamka. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anameza vidonge vyote vitatu kwa maji, metformini ya asubuhi, ya jioni na amlodipini, "ili nisisahau", kisha anakwenda shambani kuokota korosho. Tumbo tupu! Anakula saa tano, ming'oko (mizizi ya porini) au ugali wa muhogo na mboga iliyobaki. Katikati hapo akiona kiu anakamua mabibo, matunda ya mkorosho, anakunywa, maana maji ya kule kwetu unayajua, ya kununua kwa ndoo. Anasema mabibo ni tunda la Mungu, halina sukari ya dukani.

Miaka saba mama anameza hivyo, na mimi mtoto wake sijui.

Swali: mabibo aache kabisa? Na nimwambieje mama kuhusu Jumatatu, maana ameshajiandaa?

---

TabibuNgapa
Jumamosi, saa 7:30 mchana

Umefanya kazi ya saa moja na nusu niliyoisema, na umeifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi, kwa sababu mimi asingeniambia yote.

Metformini kwenye tumbo tupu huchoma, tena mbili kwa pamoja. Inamezwa na chakula au mara baada ya kula. Ipo pia inayoachia dawa taratibu tumboni, ambayo wengine huivumilia zaidi, lakini hiyo aipange daktari. Mpeleke kliniki Jumatatu hiyo hiyo, mumwambie daktari maneno haya haya ya saa kumi na moja na tumbo tupu. Waombe wampime pia figo kwa damu, kwa sababu ya sukari ya miaka saba. Nguo alizojiandalia azivae, safari ni ile ile, mlango tu ndio umebadilika.

Bibo akila moja la kutafuna pamoja na nyuzi zake, baada ya chakula, sina ugomvi nalo. Maji ya mabibo kikombe kizima ni sukari inayopita haraka, hata kama haikutoka dukani. Atembee na chupa ya maji, ninyi watoto mchangie hizo ndoo. Ming'oko na muhogo viwe robo ya sahani. Nusu iwe kisamvu, matembele, mlenda, chochote cha kijani, na robo kunde, mbaazi au samaki asiye wa chumvi. Asipunguze ugali ghafla huku anameza dawa ile ile bila kupima, mpime sukari mara kwa mara wiki za mwanzo.

Na mkague miguu. Leo, si Jumatatu. Mwanga wa dirishani, nyayo zote mbili, katikati ya vidole.

---

BintiMahuta
Jumanne, saa 1:10 usiku

Nimerudi kuwapa majibu kwa sababu mlinijali.

Jumamosi jioni nilimkalisha mama kwenye kigoda, nikachukua taa yangu ya kushonea. Mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, palikuwa na kitu cheusi kama mbegu ya papai. Nikadhani uchafu. Nikagusa, pakatoka maji. Nikamuuliza, mama hapa panauma? "Wapi?" Nikabonyeza tena, akanitazama usoni tu, anasubiri niguse.

Jana hospitali walitoa kijiti, kipande cha mti kirefu kama kucha, kimezama ndani. Mama anasema labda ni cha mwezi wa kumi na moja, alipokuwa anaokota kwa kandambili. Sukari ilikuwa 14.6 kabla ya kula, presha 168 kwa 98. Wamempa dawa ya kidonda na metformini nyingine ya kumeza na chakula cha jioni. Damu ya figo majibu ni Alhamisi. Daktari alikuwa kijana, alimsikiliza vizuri. Mama alimweleza la kuamka saa kumi na moja yeye mwenyewe, mimi nilinyamaza.

Jana jioni ameimeza hiyo metformini mpya na chakula, na mpaka leo hajalalamika, yaani tumbo halikumchoma. Leo mchana ameniomba mlenda.

Manispaa nilipita pia. Jina nililowapa halimo kwenye daftari, wameandika mahali chumba kilipo. Hela ya korosho nimemrudishia mama mkononi.

Naomba sasa msaada mmoja. Kandambili nimezificha. Nataka viatu vya kufunika vidole, vipana, ndani viwe laini, visimsugue kwenye bandeji, na aweze kuvaa shambani. Kitambaa cha ndani nitashona mwenyewe. Anayemjua fundi viatu mzuri hapa Mtwara au hata Mikindani, anielekeze.

---

MwanaMsimbati
Jumanne, saa 1:45 usiku

Dada, yupo mzee mmoja karibu na soko kuu, anakaa upande wa wauza nguo za mitumba, anashona kwa ngozi na tairi. Yeye hupima mguu kwa kuuchora kwenye karatasi, kwa hiyo mama si lazima aende, mchore wewe miguu yote miwili akiwa amesimama. Nikipita kesho nitamwambia akusubiri. Na mimi shangazi yangu naye ana sukari, nimempigia simu sasa hivi, nimemwambia kesho nakuja na tochi.